Jembe Lisiwe Adhabu: Bustani za Watoto wa Chekechea

Hotuba kwa wazazi, walimu wa chekechea na wazee wa vijiji, Kocholia, Teso Kaskazini



Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia marufuku hiyo. Kiboko kilipotoka mlangoni, katika shule nyingi jembe liliingia dirishani. Mtoto akichelewa, anapimiwa kipande cha kulima. Akipiga kelele darasani, anapewa fyekeo. Asiyemaliza kazi ya nyumbani anatumwa kuchimba kisiki nyuma ya choo. Mwenzake aliyefika mapema na kupata alama nzuri hubaki kivulini na kitabu chake. Miaka inapita hivyo, na mtoto wa mkulima anafundishwa, bila neno hata moja kuandikwa ubaoni, kwamba udongo ni mahali pa wakosaji. Akifika miaka kumi na minane wazazi wake wanashangaa kwa nini anataka pikipiki Malaba na hataki hata kusikia habari za shamba la babake.

Bodaboda yenyewe haina kosa. Kazi hiyo ilizaliwa hapa hapa mpakani, wakati watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili, na hata jina lake limetokana na mpaka. Kosa ni kumfundisha mtoto kuogopa udongo kabla hajaujua.

Habari ya leo ni bustani ndogo katika vituo vya chekechea. Kwa nini chekechea, na si shule ya msingi? Katika Katiba ya 2010, Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Shule za msingi zilibaki Nairobi. Chekechea ilikuja kwenye kaunti, na kilimo kikaja kwenye kaunti pia. Maana yake ni kwamba mwalimu wa PP1 na afisa wa kilimo wa wadi wana mwajiri mmoja. Hata hivyo ni nadra kuwaona wawili hao wameketi chini ya mti mmoja kupanga jambo moja. Hapa hakuna wizara ya mbali ya kulaumiwa.

Mtaala wa umilisi, ule ambao wazazi wameuzoea kwa jina la CBC, una somo la shughuli za mazingira tangu chekechea. Mwalimu anatakiwa kumfanya mtoto aone mimea, aiguse, aitaje majina. Lakini ukipita kwenye vituo vingi utamkuta mtoto akipaka rangi mchoro wa mharagwe kitabuni, na mharagwe wenyewe uko hatua ishirini nje ya dirisha, katika shamba la jirani. Kitabu kimenunuliwa kwa pesa. Mharagwe ungekuwa wa bure.

Wapo wazee watakaouliza: watoto walimpeleka nani shuleni kulima? Swali hilo si la ujinga, na lina historia. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikipendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ijengwe juu ya kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi wa wakati ule waliitilia shaka. Waliona watoto wa walowezi wakisoma ili watawale, na wao wakiambiwa watoto wao wasome kushika jembe. Shaka yao ilikuwa na msingi. Baada ya uhuru mambo yalijaribiwa kwa njia nyingine: vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza miaka ya mwanzo ya 1960, vikafifia, kisha vikazinduliwa upya mwaka 2021. Tanzania nayo ilikuwa na Elimu ya Kujitegemea kuanzia 1967, na huko pia kulikuwa na shule ambazo shamba liligeuka kuwa kibarua na somo likasahaulika.

Kwa hiyo bustani inayozungumziwa hapa haina lengo la kumfanya mtoto mkulima, wala la kuilisha shule. Mtoto wa miaka minne hawezi kulisha mtu. Lengo ni asome: ahesabu, alinganishe, asubiri, aulize. Ekari ya mahindi haifai kwa kazi hiyo hata kidogo. Mtoto akisimamishwa mbele ya mistari mia ya mahindi haoni mmea, anaona kazi.

Kinachofaa ni mashina matatu. Kila mtoto apewe matatu ya kunde, kwenye sehemu yenye upana wa hatua moja, na kijiti chenye jina lake. Shina moja ni la kula. La pili ni la mbegu. La tatu ni la kung'oa.

Kunde zimechaguliwa kwa sababu ya kalenda. Mvua za masika hapa hushika mwezi wa Machi, na muhula wa kwanza hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Kunde zilizopandwa mvua ya kwanza huanza kuchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo mtoto anaonja mboga yake kabla ya likizo. Akirudi muhula wa pili anakuta maua. Mwezi wa Juni maganda yanakauka, na kabla ya kufunga Agosti ameshika mbegu mkononi. Ameuona mwanzo na mwisho kwa macho yake, kutoka mbegu moja hadi mbegu nyingi. Mahindi hayampi nafasi hiyo kwa urahisi, na sukuma wiki huchumwa tu, haiachwi itoe mbegu.

Majina nayo ni somo. Kwa Kiteso mboga hiyo ni eboo. Mtoto wa Kiluo darasani atasema boo, na wa Kiluhya atasema likhubi. Mwalimu asiyasahihishe. Ayaandike yote ubaoni na awaache watoto wenyewe wagundue ni majina gani mawili yanafanana. Busia ni kaunti ya lugha nyingi, na bustani ni mahali pazuri pa kuzisikia zote kwa amani.

Sasa shina la tatu, la kung'oa. Wiki ya sita hivi, udongo ukiwa na unyevu, mtoto alichimbue taratibu kwa kijiti, asilivute kwa nguvu. Ataona vinundu vidogo kwenye mizizi, kama shanga. Wengi watadhani ni ugonjwa, hata mwalimu. Mwalimu akate kinundu kimoja kwa wembe: ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kiko kazini. Humo mna vijidudu vidogo visivyoonekana vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea chakula, na mmea nao unavipa vijidudu hivyo sukari. Bibi aliyepanda kunde katikati ya mtama wake hakuwahi kusikia neno naitrojeni, lakini alijua kwamba mtama unaopandwa baada ya kunde hustawi. Mtoto akienda nyumbani na mzizi ule mkononi, bibi na mjukuu watakuwa na la kuzungumza jioni hiyo.

Kando ya kunde zipandwe mbegu chache za maboga, kwa sababu boga lina jambo ambalo mimea mingine huficha. Maua yake ni ya aina mbili kwenye shina moja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijafunguka. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutofautisha mara anapoonyeshwa, na hatasahau. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri yamejifunga, kwa hiyo hili ni somo la asubuhi.

Mwalimu achague maua jike matatu yanayokaribia kufunguka. Jioni, la kwanza afunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, na lisifunuliwe mpaka linyauke. La pili naye alifunike, lakini asubuhi alifunue, achume ua dume, na mtoto apake unga wake wa manjano, uitwao chavua, ndani ya ua jike, kisha lifunikwe tena. La tatu liachiwe nyuki. Baada ya wiki moja watoto waende kutazama. La kwanza litakuwa limekuwa la manjano na kudondoka. La pili na la tatu, yakikubali, yatakuwa yanavimba. Hakuna haja ya mwalimu kueleza umuhimu wa nyuki baada ya hapo. Mtoto ameona boga likifa kwa kukosa mgeni.

Ni vizuri pia mtoto azuiwe kuua kila mdudu anayemwona. Kunde hupatwa na vidukari, wadudu weusi wadogo wanaojazana kwenye ncha changa. Kabla ya kuwapangusa, watoto wakae kimya kwa muda waangalie nani mwingine yupo: sisimizi wanaokuja kulamba utamu wa vidukari, na yule mdudu wa mviringo mwenye madoadoa ambaye huja kuwala. Dawa za kunyunyizia zisiingie kwenye bustani ya watoto kabisa, wala chupa zake tupu zisitumike kubebea maji. Vidukari wakizidi, maji yenye sabuni kidogo na vidole vya mtu mzima vinatosha.

Muhogo unahitaji maneno zaidi, kwa sababu Teso bila muhogo ni Teso ya njaa, na wengi walioko hapa wanakumbuka.

Katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato, wa aina kali kuliko uliozoeleka, ulivuka kutoka Uganda na kuingia magharibi mwa Kenya. Majani yalijikunja, yakawa na mabaka ya manjano na kijani, na chini mzizi ukabaki mwembamba kama kidole. Familia nyingi ziliacha kupanda muhogo. Mpaka wa Malaba una askari, una forodha na una foleni ya malori, lakini hakuna aliyeweza kumkagua inzi mweupe, mdudu mdogo kuliko punje ya wimbi, ambaye ndiye aliyekuwa akibeba virusi hivyo. Na pale ambapo inzi hakufika, watu walifikisha ugonjwa wenyewe, kwa kupeana vipando. Ndugu anamletea ndugu fungu la mashina kwa upendo, na ndani ya shina kuna ugonjwa. Watafiti walileta aina zinazostahimili, na muhogo ukarudi. Lakini batobato bado ipo, na kuna ugonjwa wa pili, wa michirizi ya kahawia, ambao ni mjanja zaidi: mmea unaweza kuonekana mzima juu na mizizi ikawa imeoza ndani.

Mtoto anaingiaje hapo? Darasani, mtoto wa chekechea hufundishwa kulinganisha: kikubwa na kidogo, kinachofanana na kisichofanana. Jani la muhogo lenye batobato na jani zima ni zoezi lile lile, ila hili lina chakula cha familia ndani yake. Mwalimu alete majani kumi, matano mazima na matano magonjwa, ayachanganye mkekani, watoto wayatenganishe. Wataweza kwa siku moja. Kisha mzazi atembee na mtoto wake shambani kabla ya kukata vipando na amwombe amwonyeshe mashina ya kuacha. Kimo cha mtoto nacho ni msaada: inzi mweupe hukaa chini ya jani, mahali ambapo mtu mzima lazima ainame ili aone, na mtoto anaona akiwa amesimama tu. Anayetaka kujua zaidi kuhusu vipando safi, Alupe haiko mbali, ni kwenye barabara hii ya Busia kuja Malaba, na huko kuna kituo cha KALRO.

Hayo ni mazuri ya udongo. Udongo una mabaya yake pia, na mzazi anayehofia mtoto wake asirudi na ugonjwa ana haki.

Busia inajulikana duniani kwa jambo hili hasa. Kuanzia 1998, katika tarafa za Budalang'i na Funyula, wanafunzi wa shule za msingi 75 walipewa dawa za minyoo kwa awamu, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia mahudhurio yao. Walieleza kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Watoto wa Busia walioufundisha ulimwengu jambo hilo sasa ni watu wazima, pengine wengine wana watoto wa chekechea.

Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu ulio peku. Mingine huingia kwa mkono mchafu mdomoni. Kwa hiyo mtoto asiingie bustanini bila viatu. Si lazima viwe vya dukani vya bei. Hata sandali za plastiki zilizofungwa vizuri ni afadhali kuliko mguu mtupu. Samadi itumike iliyoiva tu, iliyokaa miezi kadhaa hadi ikapoteza harufu, na bustani iwe mbali na choo. Maji na sabuni viwe pale pale bustanini, visiwe kwenye jengo ambalo mtoto atasahau kufika. Na siku za kugawa dawa za minyoo, mtoto apelekwe.

Majembe ya watu wazima yabaki nyumbani. Mtoto wa miaka minne hahitaji jembe. Kijiti, kijiko kikuukuu na mikono yake vinamtosha. Kutifua udongo mara ya kwanza ni kazi ya wazazi, asubuhi moja, watu kumi. Uzio wa mnyaa usipandwe hapo, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya. Matawi ya miiba yanafaa zaidi.

Wako wazazi wa Malaba mjini wanaosema haya yote ni ya watu wenye ardhi. Wanaishi chumba cha kupanga, nje ni lami na malori, na kituo cha mtoto kina uwanja wa saruji. Kwao kuna gunia. Gunia moja hujazwa udongo na samadi, katikati likiachwa na mkondo wa kokoto ambamo maji hupita hadi chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupachika miche. Tairi kuukuu linaweza kushikilia mashina kadhaa ya kunde, na matairi hayajawahi kuadimika Malaba. Udongo tu usichotwe kwenye mtaro wa barabara kuu, ambako mafuta ya malori humwagika mwaka mzima. Uletwe kutoka shambani, na mzazi mwenye shamba Kocholia amsaidie mwenzake wa mjini kwa magunia mawili.

Mazao ni ya nani? Bustani nyingi za shule zimekufa kwa sababu ya swali hili. Mtoto alimwagilia, na mboga ikaonekana ikipita getini ndani ya mfuko wa mtu mwingine. Mtoto mdogo hasemi, lakini anaona, na wiki inayofuata maji yanaanza kumwagwa njiani. Kwa hiyo majani ya shina la kula yapikwe kwenye uji au mboga ya hapo kituoni siku ile ile, au mtoto aende nayo nyumbani, hata yakiwa majani sita. Mbegu za shina la pili zikikauka, kila mtoto agawe zake mara mbili: nusu kwenye chupa yenye jivu, nusu kwenye chupa isiyo na jivu. Baada ya miezi miwili watoto wahesabu punje zilizotobolewa na fukusi katika kila chupa. Zile nzima ndizo zitakazopandwa mvua ya Agosti na Septemba.

Limebaki jambo la Aprili. Shule zinafungwa wiki ambazo magugu yanakua kwa kasi na mbuzi wa kijiji kizima wanajua kwamba hakuna mtu. Hakuna bustani ya watoto iliyovuka mwezi huo kwa bahati. Kila kituo kinahitaji orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni kabla ya kufunga: familia mbili kwa kila siku tatu, mtoto akija na mzazi au na ndugu aliye Gredi ya 4 au zaidi, kwa nusu saa ya jioni. Asikuje mtoto peke yake. Ufunguo wa lango ukae kwa mzee wa kijiji anayeishi karibu zaidi, si kwa mwalimu anayesafiri likizo. Mwenye mbuzi aambiwe mapema na mbele ya watu, ili baadaye pasiwe na ugomvi. Orodha za vituo vilivyowakilishwa hapa ziko mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu, na safu ya siku tatu za kwanza za likizo bado ni tupu.